Chai Sita za Alhamisi

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini katika hoteli zote za Lushoto hakuna aliyekuwa akifunga siku kama mimi. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Kwa miaka kumi na tisa nilikaa kwenye ofisi ndogo nyuma ya mapokezi, na kila asubuhi saa kumi na mbili nilikusanya karatasi zote za siku iliyopita: bili za vyumba, stakabadhi za baa, vocha za jikoni, meseji za malipo ya simu, na daftari la stoo. Hoteli nyingine hufunga hesabu usiku wa manane. Sisi hatukufanya hivyo, kwa sababu marehemu mwenye hoteli, baba wa huyu wa sasa, alikuwa akisema kwamba mtu aliyelala vizuri haibiwi na tarakimu. Basi nilikuwa nalala, naamka, navaa sweta, naifunga jana.

Kufunga siku maana yake ni kuhakikisha kwamba kila kilichotoka kina maelezo, na kila shilingi iliyoingia ina sababu ya kuingia. Nilifanya kazi hiyo kwa kalamu na kikokotoo, kile cha kubonyeza kwa kidole, si kile cha pensheni kilichowagombanisha watu. Ilinichukua saa tatu. Ikitokea tofauti ya shilingi mia tano, sikuwa nanywa chai mpaka niione imejificha wapi. Wahudumu wa baa waliniogopa, na mimi nilipenda waniogope.

Mtu mmoja tu hakuniogopa: mama wa stoo. Alinitangulia hotelini kwa miaka mingi. Alikuwa mzaliwa wa Mlalo, Mlutheri wa tangu tumboni, mweka hazina wa umoja wa kina mama usharikani kwao, na elimu yake ilikuwa darasa la saba. Juu ya jalada la daftari lake aliandika kwa kalamu nyekundu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Likijaa alifungua jipya na kuyaandika tena maneno yaleyale, kwa mwandiko mnene ulioegemea kulia. Sikuwahi kumkuta na kosa. Nilijaribu, nakiri. Miaka ya mwanzo nilimtafutia kosa kwa bidii kwa sababu nilikuwa na cheti na yeye hakuwa nacho.

Alhamisi na Jumapili ni siku za gulio kwetu. Siku hizo nilimpa mama wa stoo fedha ya soko, naye alinunua mboga uani kwa akina mama waliokuwa wakiteremka kutoka vijijini na mizigo kichwani. Walipita kwetu kwanza, wakapunguza mzigo, kisha wakaendelea sokoni. Kabla ya bei kutajwa, kila mmoja alipewa kikombe cha chai ya maziwa. Desturi hiyo aliianzisha marehemu. Alisema huwezi kununua karoti kwa mtu anayetetemeka, kwa sababu utampunja hata kama hukukusudia. Na mama wa stoo aliiandika hata hiyo chai. Kwake yeye, kitu kilichotoka stoo bila kuandikwa ni wizi, hata kama amekinywa askofu.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wake wa mwisho kazini. Mwezi wa kumi na mbili angestaafu, apewe kiinua mgongo chake, akamalizie kuezeka nyumba yake kule Mlalo. Bati alishazihesabu. Kwa kuwa alizihesabu yeye, sina shaka idadi ilikuwa sahihi.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo mwenye hoteli alituletea akili mnemba. Yeye anaishi Dar es Salaam, ni kijana wa makamo, msomi, mtu wa haraka. Aliirithi hoteli kwa baba yake, na kwa miaka mingi alikuwa akiijua kwa njia ya simu zaidi kuliko kwa miguu. Fundi alikuja akakaa siku mbili, akaweka programu kwenye kompyuta yangu na kwenye simu. Kazi yake ilikuwa hivi: mimi napiga picha kila karatasi ya jana, programu inazisoma, hata mwandiko wa mkono, inalinganisha na fedha zilizoingia, na kabla maji hayajachemka inasema siku imefungwa. Kisha inatuma muhtasari kwenye simu ya bosi. Wafanyakazi waliamua kuiita Mnemba, kama jina la mtu.

Siku ya kwanza nilinuna. Siku ya pili niliendelea kununa, mpaka fundi aliposema programu haiwezi kujua mazoea ya hapa bila mtu wa kuifundisha. Akaniomba niandike kwa Kiswahili cha kawaida kila ninachokijua kuhusu jinsi wafanyakazi wetu wanavyoandika. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba niandike ninachokijua. Nilijaza kurasa nne.

Kanuni niliyoionea fahari kuliko zote ilihusu sifuri. Hapa kwetu mtu akisema karoti ni nane, anamaanisha elfu nane. Mhudumu akiandika "chumba cha nne, 35", hakuna mjinga atakayedhani mgeni amelala kwa shilingi thelathini na tano. Kwa hiyo niliandika: "Tarakimu inayosimama peke yake mwishoni mwa mstari, bila sifuri zake, ni maelfu." Fundi aliisoma mara mbili.

"Dada, hii peke yake ni dhahabu," alisema.

Nilitembea na maneno hayo wiki nzima. Na kweli mashine ilifanya kazi. Wiki ya pili ilikamata chumba kilichotozwa mara mbili. Wiki ya tano iligundua kwamba malipo ya simu ya mgeni mmoja yaliingia kwa jina la shemeji yake, jambo ambalo mimi lingenichukua asubuhi nzima. Nilisimulia habari zake mpaka kwenye foleni ya benki. Wahasibu wa hoteli nyingine walipanda kilima kuja kuona, nami niliwaonyesha huku nimekunja mikono, kama mtu aliyeizaa.

Taratibu niliacha kusoma daftari la stoo. Nilipiga picha tu, nikageuza ukurasa, nikapiga tena. Mimi niliyekuwa sinywi chai kabla ya kufunga siku, sasa nilifunga siku kwa mkono mmoja na kikombe kikiwa kwenye mkono wa pili.

Miezi mitatu baadaye, Jumatano moja ya masika, bosi alikuja bila taarifa. Gari lake lilikuwa na tope la barabara ya Mombo mpaka kwenye vioo. Alipita mapokezi, akaja ofisini kwangu, akaagiza mama wa stoo aitwe. Mama wa stoo alikuja akijifuta mikono kwa kanga. Bosi hakumwamkia. Alimnyooshea tu kiti kwa kidole.

Lazima nieleze, kwa msomaji asiye wa milimani kwetu, kwamba jambo hilo si dogo. Huku mdogo humwamkia mkubwa hata kama mdogo ndiye tajiri. Bosi mwenyewe, alipokuwa mtoto wa shule akija likizo, alikuwa akikimbia kutoka kwenye gari la baba yake mpaka stoo kutoa shikamoo, kwa sababu shikamoo hiyo ilikuwa na andazi ndani yake. Sasa alisimama mbele ya mama yuleyule na kusubiri akae.

Mama wa stoo alimtazama kidogo, kisha akasema, taratibu kabisa, "Marahaba."

Akaketi. Bosi alibabaika, akafungua simu yake na kuanza kusoma taarifa ya Mnemba ya robo mwaka, taarifa ambayo mimi sikuwa nimeiona kwa sababu ilikwenda kwake moja kwa moja. Ilisema kwamba ndani ya miezi mitatu stoo ilikuwa imetoa "malipo ya chai" ya shilingi laki mbili na elfu thelathini na saba. Ilieleza kwamba neno chai, linapotajwa pamoja na maofisa, mara nyingi humaanisha hongo, na waliotajwa ni pamoja na askari na bwana afya. Ikaongeza kwamba fedha ya soko haikupungua hata shilingi moja, kwa hiyo chai hiyo ililipwa kutoka mfuko usiojulikana. Tena sukari ilikuwa imepungua kilo sita ambazo hakuna mgeni aliyezitumia. Mwisho ikahitimisha kwa adabu kwamba huenda bidhaa za stoo zinauzwa nje, na sehemu ya fedha inatolewa ili jambo lisijulikane.

"Umetoa chai au hukutoa?" bosi aliuliza.

"Nimetoa," mama wa stoo alijibu. "Si nimeandika mwenyewe?"

"Kwa askari?"

"Askari wanne. Kulikuwa na mvua."

"Na bwana afya?"

"Kila akija. Siwezi kumwacha arudi hivihivi."

Bosi aliweka simu mezani. "Nani aliyekuruhusu?"

"Marehemu baba yako. Yeye ndiye aliyeagiza. Alhamisi na Jumapili, bila kukosa."

Niliona uso wa bosi ukibadilika. Baba yake alizikwa kwa heshima na nusu ya Lushoto, na sasa mtu alikuwa anamwambia kwamba mzee alikuwa na ratiba ya hongo, mara mbili kwa wiki. "Usimsingizie marehemu," alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale kando ya kabati. Kama kuna kitu katika maisha yangu ya kazi ninachokionea aibu, ni ukimya wangu wa asubuhi ile. Chai ya akina mama niliijua. Lakini laki mbili na elfu thelathini na saba si chai ya kikombe, na mashine niliyoifundisha kwa mkono wangu haikuwa imekosea hata siku moja. Nikafikiri, labda kuna chai nyingine nisiyoijua. Nikafikiri, watu hubadilika wakikaribia kustaafu. Nikafikiri hata bati. Niliamini, nakiri, kwa muda wa kutosha kukaa kimya.

Bosi akadai funguo. Mama wa stoo alizifungua kwenye ncha ya kanga yake, akaziweka mezani.

"Zihesabu," alisema. "Ziko saba."

Bosi hakuzihesabu. Nilizihesabu mimi, kwa mazoea, kabla hajazitia mfukoni. Zilikuwa saba.

Kabla ya kwenda chumbani kwake bosi aliniambia niandike barua ya kumwachisha kazi mama wa stoo kwa wizi, iwe tayari kesho saa sita mchana. Kwa wizi maana yake hakuna kiinua mgongo. Lakini kiinua mgongo ndicho kilichokuwa chepesi. Jumapili ile angekaa benchi gani kanisani? Sanduku la umoja wa kina mama lilikuwa chini ya kitanda chake, na kila mwezi lilifunguliwa mbele ya macho ya wote. Nani angelifungua naye tena? Niliandika "Yah:" nikapigia mstari chini yake, nikashindwa kuendelea.

Alhamisi kulikucha na ukungu uliofika mpaka kwenye ngazi za jikoni. Stoo ilikuwa na kufuli. Akina mama walifika kama kawaida, wakatua matenga na mizigo yao uani, wakaanza kujipuliza viganja. Nilitoka kuwaeleza.

"Onga maundo," walinisalimu kwa Kishambaa, nami nikaitikia. Mkubwa wao, mama mmoja wa kule juu anayetuletea kabichi, alitazama mlango wa stoo uliofungwa, kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Mama yetu hayupo leo?"

"Hayupo. Na leo hatutanunua."

"Na chai?"

"Leo hakuna, mama. Nisameheni."

Alitikisa kichwa bila kununa. "Haya. Basi ukimwona mwambie leo tulikuwa sita na hatukunywa. Asije akaandika sita kwa mazoea, akadaiwa."

Nilisimama pale na ukungu wangu. Asije akaandika sita. Niligeuka nikakimbia, mimi na umri wangu na viatu vyangu vya ofisini, na nusura niteleze kwenye ngazi. Nililifungua daftari. Miezi mitatu sikuwa nimelisoma, nililipiga picha tu.

Mwandiko ulikuwa uleule mnene ulioegemea kulia. Karoti tenga moja, 8. Viazi ndoo mbili, 14. Kabichi kumi, 5. Na chini ya hizo: Chai ya akina mama, 6. Jumapili: Chai ya akina mama, 6. Alhamisi: Chai ya akina mama, mmoja alikuja na mkwewe, 7. Kila bidhaa ilikuwa na bei yake mwishoni mwa mstari. Chai haikuwa na bei, kwa sababu haikununuliwa, kwa hiyo mwishoni mwa mstari wake palikuwa na vikombe. Na mimi ndiye niliyeandika kwamba tarakimu inayosimama peke yake mwishoni mwa mstari, bila sifuri zake, ni maelfu.

Nilivijumlisha vikombe kwa kalamu. Vilikuwa mia mbili thelathini na saba.

Sikuona haya tu, nilikasirika. Niliikasirikia mashine kwa dakika moja, halafu nikajikasirikia mwenyewe kwa muda wote uliobaki. Mashine ilifanya kile nilichoiambia. Dhahabu yangu ndiyo iliyomnyang'anya mwanamke yule funguo zake. Nilikwenda nyumba za wafanyakazi nikabisha mlango wa mama wa stoo, na alipofungua niliona begi lake limeshafungwa.

"Shikamoo mama. Njoo na mimi."

"Marahaba. Barua imeshaandikwa?"

"Njoo tu, mama, tafadhali."

Bosi alikuwa anapata kifungua kinywa. Niliweka daftari mbele yake, juu ya sahani ya matunda, na sikumwomba ruhusa. "Bosi, naomba usome mwenyewe. Mstari mmojammoja, si jumla."

Alisoma kwa sauti, bila subira. "Chai ya akina mama, sita. Chai ya akina mama, sita. Chai ya askari wa doria, nne. Chai ya bwana afya, moja." Akarudia. "Bwana afya, moja. Yaani... elfu moja?"

Hapo ndipo mama wa stoo alipoelewa walichokuwa wakizungumza tangu jana. Aliweka mkono kifuani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Hongo ya elfu moja? Kwa bwana afya?" alisema. "Mwanaume mzima na pikipiki ya serikali! Angetufungia jiko kwa kumtukana. Ni kikombe, baba. Kikombe kimoja. Nilimwongeza, akakataa."

Bosi alinitazama mimi. Hapo nilisimama wima, kwa sababu kama mtu anakwenda kukiri, bora akiri vizuri. Nilimweleza kuhusu kanuni ya sifuri, kwamba niliiandika mimi, kwamba niliacha kusoma daftari, na kwamba jana nilinyamaza nikijua chai ni nini. Nikamwambia kwamba kama kuna barua ya kuandikwa, iandikwe kwa jina langu. Kisha tukafanya hesabu ya sukari tukiwa watatu. Chai ya akina mama ni ya vijiko vitatu, tena vya kujaa, kwa sababu wametoka mbali. Kilo moja hutosha vikombe kama arobaini. Vikombe mia mbili thelathini na saba vilikula kilo sita, pungufu kidogo.

"Iliyobaki imemwagika," alisema mama wa stoo. "Hiyo kweli sikuiandika."

Bosi alizitoa funguo mfukoni. "Samahani," alisema, lakini aliiambia meza.

"Nimesikia," mama wa stoo alijibu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akatoka. Akina mama walikuwa bado uani, hawajakata tamaa, na tulisikia kufuli la stoo likifunguliwa na sufuria ikiteremshwa.

Barua ya jina langu haikuandikwa. Badala yake bosi aliniuliza kama tuiondoe Mnemba. Angeniuliza hivyo siku ya kwanza ningemsaidia kuibeba mpaka kwenye gari. Lakini nilikataa. Nilikuwa nimeona inachoweza kufanya, na nilikuwa nimeona kosa liko wapi, na kosa halikuwa kwamba inasoma. Ilisoma kuliko mimi. Kosa ni kwamba ilisoma, ikaelewa vibaya, na badala ya kuuliza ikaenda kusema. Tunao binadamu wa namna hiyo, na huwa hatuwafukuzi wote.

Nilikaa na kurasa zangu nne nikaziandika upya. Nilifuta kanuni ya sifuri nikaweka nyingine yenye masharti. Niliandika kwamba katika daftari hili chai ni kinywaji. Niliandika kwamba taarifa zote zipite kwangu kwanza. Na juu ya yote, kwa herufi kubwa, niliandika: "USIMTUHUMU MTU. KUULIZA SI UJINGA. Ukiona neno au tarakimu usiyoielewa, muulize aliyeiandika, kisha subiri jibu." Nikaunganisha maswali hayo na simu ya mama wa stoo, ili ayajibu kwa sauti.

Swali la kwanza lilimfikia asubuhi iliyofuata. Alikuja ofisini ameshika simu mbali na mwili, na uso wake haukuwa mzuri.

"Mhasibu, huyu mtu wako hana adabu."

"Amefanya nini, mama?"

"Kaniamsha kwa swali tu. Fungu la mnafu ni kilo ngapi. Hata shikamoo hakuna. Mimi nimlee hapa kama mzazi wake, na salamu nimfundishe mimi?"

Nilirudi kwenye kompyuta nikaongeza mstari mmoja. Kuanzia siku hiyo kila swali lilianza na "Shikamoo mama," na kila jibu lilianza na "Marahaba," likifuatiwa na somo. Alieleza kwamba fungu halina kilo, lina msimu. Alieleza kwamba gunia la lumbesa ni lile lililojazwa mpaka likaota kichwa, na muuzaji akikwambia ni gunia moja anakutania. Alieleza tofauti ya "imeoza" na "imeharibika", ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siijui: iliyoharibika wanakula ng'ombe. Mashine iliyapokea yote. Ndani ya miezi michache ilikuwa inafunga siku zetu kwa usafi ambao sikuwahi kuufikia kwa kalamu, na naandika hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo. Na nilirudi kusoma daftari kila asubuhi, kabla ya kikombe changu.

Wahasibu wa hoteli nyingine walipokuja tena kuona, sikuwaonyesha kompyuta kwanza. Niliwapeleka stoo. "Huyu ndiye mwalimu wake," nilisema. Mama wa stoo aliendelea kupima mchele kana kwamba hakusikia, lakini nilimwona ananyoosha mgongo. Darasa la saba, na mashine iliyotoka Dar es Salaam inamwamkia kila kukicha. Sijui kama nimewahi kuona fahari kama niliyoiona siku hiyo, na haikuwa hata yangu.

Siku yake ya mwisho iliangukia Alhamisi. Bosi alipanda mlima tangu Jumatano ili asichelewe. Asubuhi, akina mama sita wakiwa uani na vikombe vyao, alitoka mlango wa jikoni, akapita katikati ya matenga, akasimama mbele ya mama wa stoo. Alikuwa na bahasha ya kiinua mgongo mkononi, lakini hakuitoa kwanza. Aliinama kidogo.

"Shikamoo mama."

Mama wa stoo alimwangalia kama siku ile, kidogo tu.

"Marahaba yako nilishakupa," alisema. "Nilikuwa nasubiri hiyo."

Kisha akachukua kikombe cha saba, akakijaza, akampa. Bosi alikunywa akiwa amesimama pamoja na wale akina mama, suruali yake ikishika tope, na hakuna aliyemletea kiti. Alipomaliza ndipo akatoa bahasha kwa mikono miwili. Mama wa stoo aliifungua palepale, akahesabu mbele ya mashahidi, akaridhika. Halafu akalifungua daftari mara ya mwisho, akaandika mstari mmoja, akanikabidhi pamoja na funguo. Nilizihesabu bila kuambiwa.

Kesho yake asubuhi nilipiga picha ukurasa ule. Siku ilifungwa bila tofauti hata ya shilingi. Mashine ilikuwa na swali moja tu, na kwa kuwa nilikuwa nimesahau kubadilisha namba, lilikwenda Mlalo, kwa mwanamke aliyekuwa ameketi chini ya paa lisilo na bati bado: "Shikamoo mama. Alhamisi chai huwa sita. Jana umeandika saba. Wa saba ni nani?"

Jibu lilirudi kabla sijamaliza kuona haya. Nililisikiliza mara mbili, nyuma yake jogoo akiwika.

"Marahaba. Wa saba ni mwanangu. Alikuwa na baridi."